Viza ya mwenza ya Australia hatua kwa hatua: tulivyopita sisi na unavyoweza kupita wewe

Habari za saa hizi ndugu zangu. Kila mwezi napigiwa simu na mtu anayetaka kumleta mke au mume wake huku Australia, au mtu yuko huku kwa viza ya masomo kapata mwenza raia wa hapa na hajui aanzie wapi, na kila nikieleza kwa simu kuna kitu nasahau halafu mtu anakuja kukwama palepale nilipopasahau. Kwa hiyo leo nimekaa nimeandika yote. Mimi naishi Brisbane, mke wangu alikuwa Tanga, safari hii tumeipita wenyewe bila wakala na kuna sehemu tulikosea, nitazitaja ili wewe usirudie. Mimi sio mwanasheria, kwa hiyo kwa kesi zenye utata nitakuambia uende kwa nani.

Kitu kimoja ukielewe kabla hujagusa fomu yoyote. Yule afisa wa viza atakayeamua ombi lenu hakuwepo kwenye harusi yenu, hakumuona mama mkwe akilia siku ya sendofu, hajui kwamba mnaongea saa sita usiku ya Tanga kwa sababu huku Brisbane ndio saa moja asubuhi na wewe unakimbilia kazini. Anachokijua ni kile ulichopakia kwenye akaunti, basi. Ndoa ya kweli kabisa inaweza kukataliwa kwa sababu karatasi hazisemi, nimeona kwa macho yangu na inaumiza sana. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuyageuza maisha yenu yawe karatasi, na kazi hiyo inaanza leo, sio siku ya kulipia.

Hatua ya 1: jua viza yako ni ipi

Ziko njia tatu na watu wanazichanganya kila siku.

Kama mwombaji yuko ndani ya Australia wakati wa kuomba, ni namba 820 ikifuatiwa na 801. Kama yuko nje, mfano yuko Dar, Mombasa au Bujumbura, ni 309 ikifuatiwa na 100. Hizi mbili zinafanana kwa karibu kila kitu, unaomba mara moja na kulipa mara moja, unapewa kwanza ya muda (820 au 309), halafu karibu miaka miwili baada ya tarehe uliyoomba wanakuangalia tena ndio wanakupa ya kudumu, yaani PR (801 au 100). Kama mmekuwa pamoja miaka 3 au zaidi siku mnayoomba, au miaka 2 na mna mtoto wenu wawili, wanaweza kukupa zote mbili kwa mpigo. Usihesabu ndoa tu hapo, wanahesabu uhusiano, ila uwe na ushahidi wa hiyo miaka yote.

Ya tatu ni 300, ya wachumba. Mwombaji lazima awe nje wakati wa kuomba, lazima muwe mmeshaonana ana kwa ana mkiwa watu wazima, na mkipewa mnatakiwa kufunga ndoa kabla viza haijaisha muda, kisha unaomba 820 ukiwa huku. Kwa maoni yangu, kama mnaweza kufunga ndoa nyumbani kihalali kabla ya kuomba, fungeni muende moja kwa moja kwenye 309, inawapunguzia mzunguko mmoja mzima wa makaratasi.

Na wasiooana je? Inawezekana. Sheria ya huku inatambua watu wanaoishi kinyumba, wenyewe wanaita de facto, na inahesabika sawa na ndoa, hata kwa wapenzi wa jinsia moja. Ila mnatakiwa muwe mmekuwa kwenye uhusiano huo walau miezi 12 kabla ya kuomba. Mkiusajili uhusiano wenu kwenye jimbo lenye rejista, kama New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Tasmania au ACT (eneo la mji mkuu, Canberra), ile miezi 12 haiwabani tena. Western Australia na Northern Territory hawana rejista hiyo kwa hiyo mlioko Perth na Darwin mjue mapema.

Kuhusu ndoa za kwetu. Ndoa ya kimila au ya msikitini ni ndoa mbele ya Mungu na mbele ya ukoo, mimi siibishii hata kidogo, lakini afisa anataka cheti cha serikali. Tanzania hakikisha ndoa imesajiliwa na cheti kinatoka kwenye mfumo wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, Kenya sheria ya ndoa ya 2014 inaruhusu kusajili ndoa za kimila na za Kiislamu pia, kwa hiyo nenda kasajili. Na kwa ndugu zangu mnaooa wake wawili, hili lazima niliseme wazi: sheria ya Australia inadai mwenza mmoja tu, "bila mwingine yeyote", mke wa pili hawezi kuja kama mke. Usijaribu kulificha, utaharibu hata ya yule wa kwanza.

Hatua ya 2: angalia kama mdhamini anaruhusiwa kudhamini

Mdhamini anatakiwa awe raia, mwenye PR, au raia wa New Zealand anayekidhi vigezo. Kuna mambo mawili yanayowakuta watu ghafla. Mtu anaruhusiwa kudhamini wenza wawili tu maisha yake yote, na kati ya wa kwanza na wa pili ipite miaka 5. Na kama mdhamini mwenyewe aliletwa kwa viza ya mwenza, naye anasubiri miaka 5 tangu alipoomba ndio aruhusiwe kumdhamini mtu mwingine. Wanaweza kulegeza kukiwa na sababu nzito, mfano mna mtoto, lakini usiende ukitegemea hilo. Mdhamini pia anaombwa cheti cha polisi, na akiwa na kesi nzito za ukatili mwombaji anaweza kuambiwa.

Hatua ya 3: pesa

Hapa watu wanashtuka. Kuanzia Julai 2025 ada ilikuwa dola za Australia 9,365 kwa mwombaji mkuu, watoto wanaongezwa juu yake, na ada inapanda karibu kila tarehe 1 Julai kwa hiyo kama umekaribia kumaliza mwezi wa tano usizubae. Hairudishwi ukikataliwa. Ongeza hapo vipimo vya afya, vyeti vya polisi, tafsiri, na asilimia kidogo wanayokata ukilipa kwa kadi. Sisi tulifungua akaunti ya pembeni ya viza tu tukawa tunaweka kila wiki mbili mshahara ukiingia, ilituchukua zaidi ya mwaka, na ile akaunti yenyewe ikaja kuwa ushahidi kwamba tulikuwa tunapanga maisha pamoja.

Hatua ya 4: ushahidi, hapa ndipo kesi inaposhinda au kushindwa

Afisa anaangalia mambo manne: pesa zenu, nyumba yenu, watu wanaowajua, na kujitoa kwenu kwa kila mmoja. Hii ipo kwenye kanuni zao za mwaka 1994, sio matakwa ya afisa. Jaza yote manne. Ukiwa na picha 300 na hakuna hata risiti moja ya pesa bado una shimo kubwa.

Pesa. Wenzetu wazungu wana akaunti ya pamoja na mkopo wa nyumba wa pamoja, sisi tuko mbali mbali, tunatumiana. Hiyo ni ushahidi mzuri kabisa lakini lazima jina liwe lake. Kosa letu la kwanza lilikuwa hapa. Laini ya mke wangu ilikuwa na shida ya usajili kwa hiyo karibu mwaka mzima nilikuwa natuma kwa namba ya shemeji yangu, kaka yake, anachukua anampelekea dada yake mkononi. Kwetu ni kitu cha kawaida kabisa. Kwenye karatasi ikaonekana mimi namhudumia mwanaume fulani wa Tanga. Ilibidi shemeji aandike kiapo mbele ya wakili, tukaambatanisha cheti chake cha kuzaliwa kuonyesha ni ndugu, na orodha ya miamala. Wewe usijipitishe huko, sajili laini ya mwenzio kwa jina lake leo hii, tuma kwake moja kwa moja iwe M-Pesa, Airtel Money, WorldRemit au benki, na kila miezi sita pakua stetimenti uihifadhi maana za zamani baadaye ni shida kuzipata. Ada ya mtoto uliyolipa, kodi ya chumba anachokaa, bima, mirathi au mafao mliyoandikana majina, vyote weka. Huku kuna mifuko ya pensheni inaitwa super, ingia umuandike mwenzio kama mrithi, ni dakika chache.

Nyumba. Kama mnaishi pamoja huku, weka mkataba wa pango wenye majina yote mawili, bili za umeme na intaneti, barua zinazokuja kwa kila mmoja kwenye anwani ileile. Kama mko mbali elezeni kwa nini mko mbali, na onyesheni vipindi mlivyokaa pamoja, tiketi za ndege, mihuri ya pasipoti, risiti za hoteli, ile nyumba mliyokaa likizo kijijini. Kuishi mbali sio kosa, wanachotaka kuona ni kwamba hamjatengana moja kwa moja.

Watu wanaowajua. Hapa ndipo Mswahili anapokuwa tajiri na wengi hawajui! Kadi za mchango wa harusi, mihtasari ya vikao vya kamati, grupu la WhatsApp la kamati lenye majina ya wajomba na mashangazi, barua ya posa, barua ya kukubaliwa, karatasi ya makubaliano ya mahari iliyosainiwa na wazee wa pande mbili, video ya sendofu, kichenipati. Yote haya yanaonyesha jamii nzima inawajua kama mke na mume. Andika chini ya kila picha ni nani, wapi na lini. Afisa hajui kuwa yule mzee mwenye kanzu ni baba mkubwa aliyesimamia posa, mwambie. Usiweke picha 200 za siku moja, weka chache za kila mwaka mkiwa na watu tofauti.

Halafu kuna Fomu 888, ya mashahidi. Unahitaji walau mbili, shahidi awe na miaka 18 au zaidi na awe raia au mwenye PR ya Australia, na awe anawajua kweli. Msaidie shahidi kuelewa kwamba kuandika "ni wapenzi wazuri" haitoshi, aandike alichokiona, kwamba alikuja kwenu Iddi akakuta mmepika pamoja, kwamba ulimuomba yeye ushauri siku mwenzio alipolazwa. Ndugu wa nyumbani wasio raia wa huku wanaweza kuandika barua au kiapo pia, ni nyongeza nzuri.

Kujitoa. Kila mmoja anaandika maelezo yake mwenyewe: mlikutanaje, uhusiano uliendeleaje, lini mliamua kuwa pamoja, mnasaidianaje, mipango ya mbele. Kila mmoja aandike kwa maneno yake, lakini tarehe mkae chini mkazihakiki. Kosa letu la pili: mimi niliandika tulikutana Desemba 2017, mke wangu akaandika Machi 2018. Wote tulikuwa sahihi, mimi nilihesabu siku tulipoanza kuongea kwa simu, yeye akahesabu siku nilipokuja Tanga tukaonana uso kwa uso. Ikaja barua tueleze tofauti hiyo. Wiki tatu sikulala vizuri.

Meseji za WhatsApp usipakie zote. Chukua kurasa chache za kila baada ya miezi kadhaa, toka mwanzo mpaka leo, na kumbukumbu za simu. Na kumbuka ziko kwa Kiswahili, afisa hasomi, kwa hiyo zile utakazotaka zihesabike zitafsiriwe.

Hatua ya 5: majina, tarehe za kuzaliwa na tafsiri

Wengi wetu tunaanguka hapa. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi, kwenye pasipoti Mwanahamis, cheti cha shule kina jina la babu, cheti cha ndoa kina jina la ukoo la mume. Kwetu mtu huyohuyo, kwao ni watu wanne. Tengeneza orodha ya kila jina lililowahi kuandikwa, kwenye fomu kuna sehemu ya majina mengine yajaze yote, na weka kiapo kinachoeleza ni mtu mmoja. Kama unaweza kurekebisha cheti kabla ya kuomba, rekebisha.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopita kambini, Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, wengi walipewa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, au karani aliandika jina alivyosikia. Usibadilishe kimyakimya kwenye fomu mpya. Waambie wazi kwamba zamani iliandikwa hivi kwa sababu hii. Kama kwenye maombi ya zamani uliandika hujaoa na kumbe ulikuwa na mke, au hukumtaja mtoto, simama hapo kwanza usiombe chochote, nenda kwa wanasheria wa bure nitakaowataja chini, maana hilo linaweza kugusa mpaka viza yako mwenyewe.

Na kwa nyie mliokuja kwa viza za ukimbizi kuna njia nyingine isiyo na ada ambayo watu hawaijui. Ndani ya miaka 5 tangu ulipopewa viza yako, unaweza kumpendekeza mke, mume au watoto wako waletwe kwa mpango wa kibinadamu, kwa Fomu 681, ilimradi uliwataja kabla hujapewa viza yako. Foleni ni ndefu, lakini kwa mtu asiye na dola elfu tisa ni mlango halali kabisa. Uliza kabla miaka 5 haijakatika.

Tafsiri: ikifanyika ndani ya Australia mtafsiri awe na kibali cha NAATI, chombo cha huku kinachothibitisha watafsiri. Ikifanyika nje sio lazima NAATI, lakini mtafsiri aandike jina lake kamili, anwani, simu na ujuzi wake wa lugha hizo. Kama umepata PR hivi karibuni, serikali ina huduma ya kutafsiri bure hadi nyaraka 10 ndani ya miaka 2 ya kwanza ya viza. Itumie.

Hatua ya 6: kuomba kwenyewe

Kila kitu kinafanyika mtandaoni kwenye ImmiAccount, tovuti ya Home Affairs, wizara ya huku inayotoa viza. Fungua kwa barua pepe yako mwenyewe, sio ya stesheneri, sio ya binamu, maana barua zote za serikali zitakuja hapo na ukikosa moja muda unahesabika. Mwombaji anajaza, analipa, anapewa namba ya kumbukumbu inaitwa TRN. Mdhamini naye anafungua akaunti yake anajaza fomu ya udhamini akitumia namba hiyo. Watu wanasahau hii ya pili kisha wanakaa miezi wakidhani wamemaliza.

Pakia kila kitu kikiwa tayari siku zilezile za mwanzo. Skani kwa rangi, kutoka kwenye nakala halisi, faili moja lisizidi 5MB, na idadi ya faili ina kikomo kwa hiyo unganisha picha na risiti kwenye PDF moja moja zenye jina la kueleweka. Jaza na Fomu 80 mapema, ni ndefu na inataka anwani zote na safari zote za miaka 10, ikae bila mapengo hata ya mwezi mmoja. Kipindi ulichokuwa nyumbani huna kazi andika ulikuwa nyumbani huna kazi.

Hati ya kughushi usiiguse. Hata stetimenti moja tu ya kutengeneza mjini. Ikigundulika unaweza kufungiwa miaka 3, na ikihusu utambulisho wako ni miaka 10.

Kwa mlioko ndani ya Australia, kabla ya kulipia angalia viza uliyonayo kama ina sharti namba 8503, utaliona kwenye barua ya viza au kwenye VEVO, mfumo wa mtandaoni wa kuangalia masharti ya viza. Hilo linakukataza kuomba viza nyingine nyingi ukiwa huku mpaka waliondoe. Na kama viza imeshakwisha na uko huku bila karatasi, mlango haujafungwa kabisa ila ni mwembamba sana, usiombe bila mwanasheria.

Hatua ya 7: polisi, vidole na vipimo

Cheti cha polisi kinatakiwa kutoka kila nchi uliyokaa jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu ulipofika miaka 16. Kwa hiyo kama ulifanya kazi Oman miaka miwili, au ulikuwa Dubai, cha huko pia kinahitajika, na ni rahisi kukipata ukiwa bado huko kuliko baada ya kurudi. Kenya unaombea eCitizen, ile wanaita gudi kondakti. Tanzania ni Jeshi la Polisi. Vinahesabiwa miezi 12 tu, mimi nilisubiri mpaka walipoviomba ili visife kwenye foleni.

Alama za vidole na picha, watakutumia barua, nenda kituo kilichotajwa kwenye barua hiyo. Kwa vipimo watakupa namba ya HAP, ukiwa nayo unaenda kwa daktari aliyeidhinishwa na wao tu, orodha iko kwenye tovuti yao kwa nchi, daktari wa familia hakubaliki. Ni eksirei ya kifua, damu, mkojo, na kuangaliwa mwili.

Niseme na hili kwa sababu watu wanalinong'ona na wengine wameacha kabisa kuomba. Kipimo cha VVU kipo kwa watu wazima. Kukutwa na virusi hakumaanishi umekataliwa moja kwa moja. Wanaangalia gharama ya matibabu, na viza ya mwenza ni mojawapo ya zile zenye msamaha wa afya, yaani wanaweza kukusamehe wakizingatia familia yako. Tafuta mwanasheria, endelea na dawa, usikate tamaa. Kifua kikuu nacho kinatibiwa kwanza halafu mambo yanaendelea.

Hatua ya 8: kusubiri

Ni miezi mingi, mara nyingi hupita mwaka. Wakikuomba kitu zaidi kwa kawaida wanatoa siku 28, jibu ndani ya muda au omba nyongeza kabla haujaisha. Kila jambo jipya, mtoto kazaliwa, umehama, pasipoti mpya, waambie kwenye akaunti. Endelea kupakia ushahidi mpya kila baada ya miezi michache.

Mlioomba 820 mtapewa viza ya kusubiria, kwenye barua imeandikwa Bridging Visa A. Inaanza kufanya kazi pale viza uliyonayo inapoisha. Kwa hiyo kama viza ya masomo bado iko hai, masharti yake yako hai pia, yale masaa 48 ya kazi kwa wiki mbili bado yanakuhusu, watu wanajisahau hapo. Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, unaweza kuomba ukiwa unasubiri, nenda na barua yako.

Na hii tafadhali isome mara mbili. Hiyo Bridging Visa A ikishaanza kazi, ukitoka nje ya nchi haikurudishi. Msiba haupangi tarehe ndugu zangu, simu inaingia usiku mama amefariki, mtu anakata tiketi asubuhi anaondoka, kazika, kageuka, hana viza ya kurudi, na mume na mtoto wamebaki huku. Kabla ya kutoka omba Bridging Visa B, ina ada yake na inaonyesha mwisho wa kurudi ni lini. Ukiwa na msiba eleza na ambatanisha uthibitisho, na usipande ndege kabla barua haijaingia.

Kwa dada zangu hasa, na kaka pia

Kuna wanaoletwa huku wakaanza kupigwa, kunyimwa pesa, kufichiwa pasipoti, na wanavumilia kwa sababu wanaambiwa "nitaifuta viza yako urudi kwenu". Mdhamini hana uwezo wa kufuta viza. Anaweza kujitoa kwenye udhamini, lakini sheria ina kifungu cha ukatili wa kifamilia, ukithibitisha uhusiano ulikuwa wa kweli na ukatili umetokea unaweza kuendelea kuelekea PR bila yeye. Matusi, vitisho na kubanwa pesa navyo vinahesabika. Piga 1800 737 732, ni 1800RESPECT, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, saa 24. Kiingereza kikikusumbua piga 131 450 useme "Swahili", watakuunganisha na mkalimani. Hatari ikiwa mlangoni ni 000.

Hatua ya 9: msaada, na wa kumkwepa

Ndani ya Australia anayelipwa kutoa ushauri wa viza lazima awe wakala aliyesajiliwa, mwenye namba ya MARN yenye tarakimu 7 ambayo unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye rejista ya OMARA, ofisi ya serikali inayosajili mawakala wa viza, au awe mwanasheria. Akikuambia "namjua mtu ubalozini", ondoka. Akitaka utie saini fomu tupu, ondoka. Akikataa kukupa nywila ya akaunti aliyokufungulia kwa jina lako, ondoka mapema zaidi. Jirani yangu mmoja alilipa mtu maelfu ya dola, miezi tisa akiambiwa iko kwenye foleni, tulipokuja kuangalia hakuna ombi lililowahi kulipiwa.

Wanasheria wa bure au wa bei nafuu wapo: RAILS hapa Brisbane, Refugee Legal kule Melbourne, RACS na IARC Sydney. Wana foleni, piga mapema.

Ukikataliwa soma barua yote, imeandikwa sababu na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Rufaa inaenda kwenye baraza linaloitwa ART, lililochukua nafasi ya AAT Oktoba 2024. Kwa 309 anayekata rufaa ni mdhamini, sio mwombaji. Siku ya mwisho ikipita imepita, hakuna wa kumlilia, kwa hiyo siku hiyohiyo unayopata barua mpigie mwanasheria.

Hatua ya 10: ya pili, PR

Miaka miwili ikikaribia kutimia tangu uliomba, ingia kwenye ImmiAccount ujaze sehemu ya pili. Hulipi tena. Wanataka ushahidi wa ile miaka miwili, maelezo mapya, mashahidi wapya, na vyeti vya polisi. Wengi wanafika huku wanapumzika wanaacha kukusanya karatasi, halafu wanakimbizana na bili za nyuma. Sisi tulikuwa na kibahasha cha kadibodi jikoni, kila barua yenye majina yetu inaingia humo, mwezi ukiisha mke wangu anaskani.

PR ikitoka, ruhusa ya kutoka na kuingia ni ya miaka 5, ikiisha unaomba viza ya mkaazi anayerudi kabla ya kusafiri. Uraia unahitaji miaka 4 ya kukaa kihalali, na mwaka wa mwisho uwe na PR, na muda uliokaa huku ukiwa na 309 au 820 unahesabika kwenye hiyo minne. Kwa hiyo siku mwenzio anatua, mpige picha ya tiketi na andika tarehe hiyo mahali ambapo haitapotea.